Jouli Elfu Moja

Siku nilipokata shauri la kufungua studio ya picha mjini Mombasa, katika chumba cha chini cha nyumba ya marehemu babu yangu, ambacho urefu wake ni hatua tano na upana wake hatua nne, na dari yake yaguswa na mtu mrefu pasipo kujinyoosha, nilikwenda kutaka ushauri kwa mzee mmoja aliyekuwa amepiga picha miaka mingi karibu na kivuko cha Likoni. Mzee hakuniuliza nina fedha kiasi gani. Aliniuliza, "Mwanangu, wewe ni mpiga picha wa nini?" Nikamjibu, kwa ghururi ya ujana, kwamba mimi ni mpiga picha wa kila kitu. Alinitazama kama tabibu amtazamavyo mgonjwa asemaye kwamba anaumwa kila mahali, akaniambia ninunue taa mbili ndogo za flashi, jouli 200 kila moja, na miavuli miwili myeupe. Kisha akarudi kwenye kahawa yake.

Sikumsikiliza. Jouli, kwa faida ya msomaji ambaye Mwenyezi Mungu amemwepusha na biashara hii, ni kipimo cha nguvu ambazo taa hujikusanyia tumboni kabla ya kuzimwaga zote kwa mwako mmoja. Nami, kwa kuwa nimelelewa katika mji ambao heshima ya mtu haikosi kupimwa kwa ukubwa wa sufuria yake ya biriani, niliona ni aibu kununua 200 na hali dukani kulikuwa na taa kuukuu, iliyotoka Ulaya, ya jouli 1,000. Mwenye duka aliijaribu mbele yangu mara moja tu. Paka aliyekuwa amelala juu ya meza hatukumwona tena. Nikalipa.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa mtaani aliyetaka picha za pasipoti kwa ajili ya safari ya Hija. Alikaa kitini, amejitanda buibui lake vizuri, uso wake umetulia kama wa mtu aliyekwisha lipa madeni yote. Nikapiga bismillahi, nikabonyeza. Bibi alisema "Astaghfirullah!" akashika kifua. Picha ilipotoka, buibui lilikuwapo, kiti kilikuwapo, lakini pale palipopaswa kuwa na uso palikuwa na weupe mtupu kama sahani ya kauri. Nikapunguza nguvu ya taa mpaka mwisho wake, ambao kwa taa ile ulikuwa sehemu ya nane, yaani jouli 125. Nikalifunga tundu la lenzi mpaka 22. Nikaisukuma taa nyuma hata ikagota ukutani, maana kanuni ya nuru ni kwamba umbali ukiongezwa mara mbili, nuru hubaki robo. Kanuni ni sahihi kabisa. Ila chumba cha hatua tano hakina mara mbili.

Hatimaye uso ulipatikana, lakini macho yamefumbwa. Hapa ndipo elimu ya vitabuni iliponisaliti, kwa maana nilikuwa nimesoma habari za Harold Edgerton, mwalimu wa chuo cha MIT huko Marekani, aliyeanza katika miaka ya 1930 kutumia taa za namna hii kuvisimamisha vitu viendavyo mbio kuliko jicho, hata mwaka wa 1957 akalinasa tone la maziwa likiwa limeruka kwa umbo la taji. Na nilijua kwamba mwako haufiki hata sehemu ya mia ya sekunde, ilhali kope huhitaji kiasi cha sehemu ya kumi kujifunga, kwa hiyo ni muhali mtu kuwahi kufumba. Bibi hakuwa amesoma habari hizo. Alikuwa akifumba mapema, mara tu nisemapo "mbili". Baada ya jaribio la saba alisimama, akachukua mkoba wake, akasema, "Mjukuu wangu, mimi nataka kwenda Makka, sitaki kutangulia akhera."

Nikajifariji kwamba taa kubwa ni ya hadhara kubwa, nikaichukua kwenye nikaha ya sahibu yangu. Ilikuwa zamani kidogo, simu zilipokuwa hazijapata macho. Sasa, taa ile ina kijicho kisogoni, ambacho kazi yake ni kuona mwako wa flashi ndogo ya kamera yangu na kuitikia papo hapo, bila waya. Na kijicho hicho, kama watumishi wengine niliowahi kuwaona, hakibagui bwana. Ami na binamu wa bwana harusi walikuwa wamewasili kutoka Muscat, kila mmoja na kamera yake ya mfukoni. Ami mmoja akipiga, taa yangu yaitikia. Binamu akipiga, yaitikia. Na kila ikiitika huhitaji sekunde sita, kwa umeme wa jenereta, kujijaza tena. Fauka ya hayo, kamera zile humweka mara mbili, kwanza kuyazoeza macho na pili kupiga, nayo taa yangu ikiitikia mweko wa kwanza, wa pili huukuta imekwisha kuwa maiti, hata ikawa hainifai mimi wala haiwafai wao. Kadhi alipomshika bwana harusi mkono, na bwana harusi akasema amekubali, nilibonyeza, na ukumbi mzima ulikuwa na nuru ya kibiriti. Kanzu yaonekana. Aliyeivaa ni dhana.

Halwa niliyompigia mfanyabiashara mmoja, ambayo kwenye picha ilifanana na sabuni ya kufulia, sitaki kuizungumzia.

Nikanunua taa mbili ndogo za jouli 200 na miavuli miwili myeupe. Nilipomweleza mzee wa Likoni, hakusema neno. Aliagiza kahawa ya pili, nikailipa mimi.

Ile kubwa haikupata mnunuzi. Lakini ndani yake mna balbu ya wati 250, ambayo huwaka muda wote ili mpiga picha aone kivuli kitaangukia wapi, na joto lake si la mchezo. Mke wangu aliichukua, akaining'iniza uani juu ya vifaranga vyake 14, vikanenepa. Tatizo ni kwamba sikukumbuka kukizima kile kijicho. Juzi nilikuwa nampiga kijana mmoja picha ya kitambulisho, na mlango wa uani u wazi. Taa zangu mbili zikamweka kwa adabu, na papo hapo kukatoka uani mwako wa jouli 1,000 uliotangaza nyufa zote za ukuta. Vifaranga vikanyamaza kimya. Kisha nikasikia sauti ya mke wangu, "Baba watoto! Hivi nao wanakwenda Hija?"