Nyuki Hawasomi Kemia

Vitabu vya kemia ya ogania vinaliamini sana bomba. Vinaagiza ufungue maji ya kupozea, kisha vinaendelea na mambo mengine, kana kwamba hapa Kampala bomba halijawahi kukohoa hewa likanyamaza.

Siku moja, katika maabara ya chuo kimoja mjini, tulipewa zoezi la kutengeneza isoamili asetati, esta yenye harufu ya ndizi mbivu. Usiniulize mtu anatafuta nini kwenye harufu ya ndizi ya chupani huku Soko la Nakawa limejaa bogoya za kweli. Unachanganya alkoholi ya isoamili na asidi asetiki, ileile inayoipa siki ukali wake, unatia asidi ya salfa kidogo, unachemsha. Ukimaliza, ndani ya chupa moja kuna esta, asidi iliyobaki, alkoholi iliyobaki na maji, wamebanana kama abiria wa matatu saa ya jioni. Kuchanganya ni kazi ya mtoto. Kutenganisha ndiko kunakomtoa mtu jasho.

Asidi huondolewa kwa sodiamu baikaboneti. Unamimina vyote kwenye faneli ya kutenganishia, unatikisa, gesi inajaa, unaigeuza faneli na kufungua koki ili ipumue. Mwenzangu aliipumulisha kuelekea kwenye koti jeupe la mkufunzi, koti likapata ramani. Kisha unasubiri: esta ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea, na maji unayaachia chini taratibu.

Baada ya hapo ni kunereka. Yeyote aliyeona waragi ikipikwa kando ya kinamasi anaijua kazi hii: unachemsha, unaupoza mvuke, unakinga matone. Esta yetu huchemka kwenye nyuzi 142, au pungufu kidogo hapa kwetu, maana tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hata maji ya chai huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Tofauti ni kwamba mpika waragi hupitisha paipu yake katika maji ya kinamasi, hamngoji mtu amfungulie. Sisi tulikuwa na bomba.

Matone yalipoanza kudondoka vizuri, bomba likakohoa. Mvuke usiopozwa haugeuki tone. Ulitoka wote, chumba kizima kikanukia bogoya. Mkufunzi akapaza sauti, "Zima moto!" Tukazima. Umeme nao ukaona usibaki nyuma, ukakatika, na feni ya kutoa hewa ikasimama. Tukafungua madirisha.

Sasa, kwenye dari ya jengo lile kuna nyuki. Na tangu mwaka 1962 inajulikana kwamba isoamili asetati ni sehemu ya harufu anayoitoa nyuki anapouma, kuwaita wenzake vitani. Tulikuwa tumepiga mbiu ya vita bila kuwa na adui.

Tulipotoka mbio, mama wa usafi alikuwa mlangoni na fagio lake.

"Banange! Nani amewachokoza nyuki?"

"Hakuna, mama. Tunasafisha kemikali."

"Basi kasafishieni kwenu!"

Jioni mkufunzi, jicho moja limevimba, aliipima esta yetu, kama kijiko kimoja cha chai, akauliza nyingine iko wapi. Tukamwonyesha dari. Akaandika asilimia ya mavuno bila neno, tarakimu moja tu.

Mwanafunzi mwenzangu wa Kampala, kabla hujawasha moto, jaza jerikani ya lita 20, ipandishe juu ya kabati, uunganishe mpira, maji yashuke yenyewe hadi kwenye kipozeo. Na kama zoezi lako ni la harufu ya ndizi, kwanza muulize mama wa usafi nyuki wanakaa wapi.