Tulivyobadilishana Viti

Nyumbani kwetu Tabata kuna kompyuta mbili za mezani, na zimezua ubishi kuliko hata ada za shule. Ya mume wangu, Baba Salma, ni kasha kubwa lenye taa za rangi, prosesa ya Ryzen na kadi ya grafiki ya RTX 3060. Yangu ni Mac mini ya M1, toleo la mwaka 2020, ndogo kiasi kwamba sahani ya wali ingeifunika. Yeye anahariri video za harusi, mimi nahariri picha. Kila mgeni aliyeingia sebuleni aliambiwa kwamba mashine ya kazi ni ile kubwa.

Ikaja harusi ya Kigamboni. Baba Salma alikuwa amepata kamera mpya, akarekodi sherehe nzima kwa 4K, H.265, rangi za biti 10 za 4:2:2. Alipoanza kukata, mashine ikaganda. Bi harusi anainua mguu mlangoni, anabaki hapohapo. Sauti ya MC inaendelea peke yake, mara bi harusi anaibukia katikati ya ukumbi. Na mama mzazi wa bi harusi yuko kwenye simu, anaulizia video.

"Mama Salma, hii kadi wameniuzia mbovu."

Kadi ilikuwa nzima. Video ya H.265 imebanwa sana, na kila fremu lazima ifunguliwe kabla ya kuonekana. Chipu ya M1 ina sehemu maalumu ya kufungua hiyo 4:2:2. Kadi za NVIDIA hazikuwa nayo mpaka zilipotoka za RTX 50 mwaka 2025, kwa hiyo mzigo wote uliiangukia prosesa. Nikamwambia achomeke diski kwenye Mac mini. Bi harusi akatembea kutoka mlangoni hadi jukwaani bila kusita hata mara moja. Baba Salma akavuta kiti changu, akakaa, wala hakuonyesha dalili ya kuinuka.

Nami nilikuwa na picha zangu za usiku. Ukumbi ulikuwa na giza, picha zimejaa chenga. Tangu mwaka 2023 Lightroom inaondoa chenga kwa akili mnemba, na kazi hiyo inaibeba zaidi kadi ya grafiki. Kwenye M1 ningeweka picha moja nikaenda kuchambua mchele. Nikahamia kwenye kasha kubwa, picha zikawa zinatoka mfululizo. Kilemba cha bibi yake bwana harusi, ambacho awali kilikuwa doa la kahawia, kikaonyesha uzi wa dhahabu, mshono kwa mshono.

Mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga, akashangaa mume na mke kunyang'anyana viti. Jioni akachomeka pasi kwenye ekstensheni ileile ya kompyuta. Kitufe kikaruka, mashine zote zikazimika, na kazi iliyokuwa haijahifadhiwa ikapotea. Tulimpa mama pole kwa kushtuka, tukaanza upya. Baadaye tukanunua UPS. RTX 3060 peke yake imepangiwa wati 170, wakati Mac mini nzima haizidi wati 39, kwa hiyo mashine ndogo ndiyo inayodumu zaidi kwenye betri ya UPS umeme ukikatika.

Siku hizi Baba Salma hutengeneza kwanza nakala nyepesi za video, anakatia hizo kwenye mashine yake, na programu huchukua zile halisi wakati wa kutoa kazi. Kiti changu kimerudi.

Wewe unayepanga kununua kompyuta ya kuhariri, usimuulize muuzaji ipi ina nguvu. Beba klipu za kamera yako na picha zako za usiku kwenye diski, uombe zifunguliwe palepale dukani kwenye kila mashine unayoifikiria. Na ukichagua Mac mini, amua kiasi cha RAM kabla ya kulipa, kwa sababu imeunganishwa na chipu na huwezi kuiongeza baadaye.