Breki za Ulaya, Mbuzi wa Pongwe

Ukitaka kujua Tanga ina mafundi wangapi wa pikipiki, tangaza kwamba unatafuta ya kununua. Muuza kahawa ni fundi. Kinyozi ni fundi. Mke wangu, ambaye hata baiskeli hajawahi kuipanda, ana msimamo mkali kuhusu cheni. Mimi nilitaka chombo cha kunipeleka shamba Muheza na kunirudisha kabla ya magharibi, mtumba wowote ulio hai. Aliyeniharibia ni shemeji yangu aliyeko Ujerumani. Alipiga simu usiku, akaniambia kwa sauti ya mtu anayetoa wosia: "Shemeji, pikipiki isiyo na ABS usiiguse!"

Kwa haki, shemeji ana hoja. Ukibana breki kwa hofu, tairi huganda na kuanza kuteleza, na pikipiki inayoteleza haina mwenyewe. ABS ina sensa inayosoma mwendo wa gurudumu. Likitaka kuganda, mtambo huilegeza breki kidogo na kuikaza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, kazi ambayo hata mpiga ngoma hodari mkono wake hauifikii. BMW waliiweka kwenye pikipiki mwaka 1988. Ulaya, tangu 2016 kwa aina mpya na 2017 kwa pikipiki zote mpya, zenye injini inayozidi cc 125 ni lazima ziwe nayo. India nao wakafuata mwaka 2018 na 2019. Marekani, taasisi ya IIHS ililinganisha pikipiki za aina moja, zenye ABS na zisizo nayo, na mwaka 2013 ikasema zenye nayo zilikuwa na ajali za vifo pungufu kwa asilimia 31.

Asilimia 31 si mchezo. Lakini shemeji ananunua kwenye nchi yenye sheria hiyo, mimi nanunua Ngamiani. Sheria ya India inahusu pikipiki zinazouzwa India. Zinazotufikia sisi kwa kazi ya bodaboda nyingi ni za breki za dramu, mbele waya, nyuma fimbo. ABS ya kawaida hufanya kazi kwa kucheza na mgandamizo wa mafuta ya breki. Penye waya mtupu, itacheza na nini?

Dalali wangu wa kwanza hakuwa na habari hizo, wala hazikumsumbua.

"ABS ipo, mwalimu. Wataka ya rangi gani?"

Kesho yake akaniletea pikipiki ileile ya jana, breki zilezile za dramu, ubavuni imebandikwa stika nyekundu yenye herufi tatu. Bei ilikuwa imepanda. Nilipomwonesha waya wa breki, aliutazama kwa huzuni kidogo, akasema stika ni ya asili, haibanduki hata kwa maji ya moto.

Wa pili alikuwa mwendesha bodaboda anayeuza chombo chake mwenyewe. Nikashika mkono wa breki ya mbele, ukaja wote mpaka kwenye raba bila kukutana na upinzani wowote. Waya hakuna. "Hiyo niliitoa mwenyewe," akanieleza kwa fahari. "Ya mbele inapindua mtu." Imani hii imeenea vijiweni kuliko oili chafu. Kumbe ukifunga breki uzito wote hukimbilia mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo lenye nguvu kubwa ya kukusimamisha; la nyuma, likiachiwa kazi peke yake, huwa jepesi, huganda, na kukuzungusha. Nikamuuliza atasimamaje mbuzi wakimkatizia pale Pongwe.

"Mbuzi wa Pongwe wamezoea," akasema.

Ya tatu ilikuwa na ABS ya kweli. Ilitoka kwenye mradi uliokwisha, ikaachwa uani Chumbageni ikilaliwa na kuku. Diski mbele, diski nyuma, na pale kwenye dashibodi, kipande cha plasta ya kidonda. Nikauliza dashibodi imeumia wapi. Mwenyewe akasema ni urembo. Nikaibandua: chini yake taa ya ABS inawaka njano, na tulipozunguka mtaa mzima iliendelea kuwaka. Maana yake mtambo umekufa. Breki za kawaida huwa bado zinafanya kazi, ila ABS unayoilipia haipo.

Ya nne ilikuwa nzima, na dalali wake akajitolea kuionesha pale Raskazone, barabara ikiwa na unyevu wa mvua na mchanga juu yake. "Tazama, mwalimu, naifunga mpaka mwisho!" Akaifunga. Mtambo ukafanya kazi yake, na ukifanya kazi yake mkono wa breki hutetemeka. Hilo hakuambiwa na mtu. Alipousikia unatetemeka kiganjani akapiga kelele, "Imevunjika!", akauachia, akaenda taratibu, kwa heshima zote, mpaka ndani ya mkokoteni wa madafu. Hakuna aliyeumia. Madafu tuliyanywa mpaka yakatutosha, na gharama yake dalali akaipachika kwenye bei ya pikipiki.

Sikuichukua, na si kwa sababu ya madafu. Njia yangu ya shamba ni vumbi na kokoto, na kwenye kokoto legelege ABS huweza kukuongezea masafa ya kusimama, maana tairi lililoganda hujichimbia na kurundika udongo mbele yake, lakini ABS hairuhusu lijichimbie. Kwenye kona za kupanda Lushoto nako, ABS ya kawaida haijui kama umelala upande. Imetengenezwa kwa breki ya kwenye mstari ulionyooka. Nikanunua ya dramu, nikafunga breki shuu mpya pande zote mbili, waya mpya na tairi la mbele lenye meno. Shemeji hajaambiwa.

Wewe unayekwenda Segera kwa lami, ukishindana na mabasi na mvua ya masika, ukipata mbili zenye afya sawa chukua yenye ABS, hata kama imezidi bei kidogo. Kabla ya kuzungumza bei washa swichi: taa ya ABS iwake, kisha izimike pikipiki ikianza kutembea. Ikigoma kuzimika, au isipowaka kabisa, usilipe zaidi ya bei ya pikipiki isiyo na ABS. Na ukikuta plasta, bandua.