Dume Aliyetapika Watoto

Samaki wa Ziwa Nyasa hujitambulisha akiwa hai, tena akiwa kwenye uchumba. Yuko magege ambaye dume wake, msimu wa kuzaa ukifika, hugeuka buluu na kichwa kikawa cheupe. Wenzake wa jamii nyingine huwa weusi tii. Hapo hakuna wa kukosea. Ila sisi wa Kingerikiti hatukutani nao wakati huo. Tunakutana nao wakiwa kwenye tenga nyuma ya bodaboda, wamepandishwa mlima kutoka Mbamba Bay, uchumba umekwisha kitambo, wote wa kijivu, kila mmoja amekodoa macho. Mchuuzi akishusha tenga, kila chenye magamba na miiba mgongoni ni magege, na bei yake ni ya magege.

Wenzetu wa Malawi huwaita chambo, na jina hilo limebeba samaki zaidi ya mmoja. Mtaalamu wa samaki aitwaye Günther alimwandika mmoja wao, kwa jina la kitaalamu squamipinnis, tangu mwaka 1864. Mwaka 1941 Ethelwynn Trewavas, mtaalamu wa samaki wa makumbusho ya London, akaongeza wawili, karongae na lidole. Baadaye akatokea wa nne, saka, akakaa kwenye vitabu miaka mingi kabla wataalamu hawajamfuta na kusema huyo ni karongae yule yule. Niliposoma hayo moyo wangu ulitulia. Kama wenye darubini walimhesabu samaki mmoja mara mbili, mchuuzi wetu anayewahesabu wote kuwa mmoja ana kila sababu ya kusamehewa.

Mama mkwe wangu hasamehi. Yeye ni mtu wa ziwani, kakulia mchangani kwenye nyavu, na kila akipanda huku kututembelea hukagua jiko kabla hajakagua wajukuu. Safari iliyopita mchuuzi alifika naye yupo uani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu mfunue huyo mkia.”

Mkia ukafunuliwa. Ulikuwa na mistari myembamba ya wima, imepangana toka mwanzo hadi mwisho.

“Magege wa kwetu hana mistari hii. Huyu ni sato. Umemtoa kwenye bwawa la mtu.”

“Mama, haki ya Mungu, huyu kavuliwa ziwani usiku wa kuamkia leo.”

“Basi alikuja kutembea.”

Akamchukua mwingine, akamgeuza tumbo juu, akaanza kuhesabu kwa kidole miiba ya pezi la chini, lile lililo nyuma ya tundu la haja. Magege wa jamii ya chambo ana mitatu. Ndugu yake shiranus, anayependa maji ya kingoni penye majani, kwa kawaida ana minne. Alihesabu minne. Mchuuzi akasema mmoja ni wa ziada. Mimi nilisimama kando na heshima zangu za mkwe, pesa mkononi, nikitazama bei ikiporomoka bila mimi kufungua mdomo. Sijawahi kununua samaki kwa raha kama siku ile.

Kwa kumtendea haki yule kijana, huenda hakudanganya. Mwaka 2013 watafiti waliandika kwamba sato, ambaye si mwenyeji wa huku, ameshaingia kwenye maji yanayomwagikia Ziwa Nyasa. Watu huchimba mabwawa, hupanda sato kwa sababu anakua haraka, mvua inakuja, bwawa linafurika, na sato hangoji kibali. Jambo hilo sikumwambia mama mkwe. Bei ilikuwa bado inashuka.

Kwa upande wa mabwawa, muulizeni baba yangu mdogo. Alichimba lake bondeni, chini ya mibuni yake, akauziwa vifaranga kwa kiapo kwamba wote ni madume. Kiapo hicho kina maana. Samaki wa ukoo huu huanza kuzaa wangali wadogo, na ukiwachanganya dume na jike, baada ya miezi michache una bwawa lililojaa samaki wa urefu wa kidole gumba, wanagombania pumba na hawakui. Madume watupu hunenepa.

Miezi ikapita, maji yakaanza kuchemka kwa visamaki. Baba mdogo hakukubali kwamba ameuziwa majike. Alisema vimeletwa na ndege. Akaamua kupima mwenyewe, kwa njia ambayo ni ya kweli na wafugaji huitumia: unamgeuza samaki, unapaka wino chini ya tumbo, wino unaingia kwenye vitundu na kuvionyesha. Dume ana matundu mawili, jike matatu. Alipaka wino hadi vidole vyake vikawa vya mtu aliyepiga kura vituo vyote vya kata. Miwani yake ni ya kusomea, na samaki hatulii.

“Mwanangu, andika. Dume.”

Nikaandika dume.

“Dume. Dume. Huyu naye dume, tena dume hasa, mtazame kidevu kilivyojaa.”

Yule dume hasa akafunua mdomo juu ya ndoo na kutapika watoto. Walitoka wengi, wadogo mno, wenye macho makubwa, wakaogelea kwa mkupuo mmoja. Majike wa sato na magege wote hulea hivyo: mayai hukaa mdomoni mwa mama hadi yaanguliwe, na watoto wakiona hatari hukimbilia humo humo. Kidevu kilikuwa kimejaa wajukuu wa baba mdogo.

Alitazama ndoo muda mrefu. Kisha akaniambia, “Andika: dume mwenye huruma.”

Basi mgeni, ukija Kingerikiti na ukauziwa magege, anza na mkia. Ukiona mistari ya wima, huyo ni sato, shusha bei. Usipoiona, geuza uhesabu miiba: mitatu, lipa, minne, lipa pungufu. Na ukikuta ameshakaangwa, nawa mikono uvute ugali.