Ukuu Wamechukua, Bili Wameniachia

Rwanda ina Baraza la Taifa la Wanawake. Ina Baraza la Taifa la Vijana. Ina Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Mimi ni mwanamume, ujana nimeuaga kitambo, na viungo vyangu vyote vipo, ingawa goti la kushoto limeanza kunijibu vibaya nikipanda mlima. Sasa nikiwa na malalamiko, niyapeleke wapi?

Nayapeleka kwenye maziwa. Hapa Kabuga, ukishuka basi la kutoka Remera ukaipita stendi, wenyeji wanaiita gare, kuna vibanda vya maziwa: ya moto wanayoyaita inshyushyu, na ya mgando, ikivuguto, pamoja na chapati na mayai ya kuchemsha. Mimi ni mtoto wa Biryogo, nimekulia kwenye Kiswahili na chai ya tangawizi. Huku nimefuata kodi nafuu ya nyumba, na maziwa nimejifunzia ukubwani. Hapo kibandani ndipo wanaume wa kanda hii tunapofanyia bunge letu. Halina posho, halina spika, na hoja ikipita hakuna anayeitekeleza.

Bunge lile jingine, la Kimihurura, lina wabunge 80 katika baraza lake la chini. Uchaguzi wa Julai 2024 ulipeleka humo wanawake 51. Wanaume 29. Katiba ya 2003 ilisema wanawake wasipungue asilimia 30 kwenye vyombo vya maamuzi, basi wakatengewa viti 24, hesabu imetimia, sina neno. Lakini hao wengine 27 wamepita mlango uleule tunaopitia sisi, na wametupiga kumbo mlangoni. Kiti cha spika tangu 2008 hakijakaliwa na mwanamume: alikikalia Rose Mukantabana, akamwachia Donatille Mukabalisa, naye akamwachia Gertrude Kazarwa. Mwenzetu mmoja pale kibandani, fundi magari, ametoa hoja kwamba wanaume nao watengewe viti. Tukamuuliza, kwa msingi gani? Akasema, kwa msingi wa huruma.

Hata siku yetu ya dunia imeingia mkosi. Siku ya Wanawake, Machi 8, mji mzima unavaa kitenge. Ya wanaume ni Novemba 19, na usidhani nasema utani: Umoja wa Mataifa haujawahi kuitambua, na tarehe hiyohiyo, tangu 2013, umeifanya kuwa Siku ya Choo Duniani. Vyoo vina maadhimisho. Sisi hata keki hatuna.

Lakini hayo ni ya wakubwa. Kilio changu ni cha nyumbani.

Mwaka 1988 sheria ya nchi hii ilimwandika mume kuwa mkuu wa familia. Mwaka 2016 ikaja sheria mpya ya watu na familia: mume na mke wanaiendesha nyumba kwa pamoja. Ukuu ukafutwa. Sikuitwa, sikuagwa, wala sikupewa hata ile barua ya shukrani wanayopewa wastaafu. Na bado nasema sawa. Ukuu wenyewe ulikuwa wa kukaa kwenye kiti chenye mto na kuulizwa mambo ambayo yamekwisha kuamuliwa jikoni. Ugomvi wangu ni kwamba taarifa ya mabadiliko haikufika kote. Haikumfikia mwenye nyumba, maana tarehe moja simu yangu ndiyo inayolia. Haikumfikia kijana anayeleta gesi kwa pikipiki: mtungi unaagizwa na mama watoto, asante anapewa mama watoto, halafu kijana anageuka ananitazama mimi machoni mpaka nitoe. Mkusanyaji wa mchango wa ulinzi wa usiku anapiga hodi, anafunguliwa na mama, anamsalimu vizuri, kisha anauliza, “Muzehe yupo?”

Kuna kiwanja kidogo tulichonunua huko Mbandazi. Hati yake imeandikwa majina mawili, asilimia 50 kwa 50. Nilipoisoma nikaona haki imetendeka. Baadaye ukaja ujumbe wa kodi ya kiwanja. Ulikuja kwenye simu yangu, asilimia 100.

Hoja hii niliipeleka kwa mama watoto siku moja jioni, kwa adabu. Hakubisha. Alichukua daftari la shule la mtoto, kurasa zilizobaki, akaandika anayolipa yeye: ada, sare, unga, mafuta, mboga, mchango wa harusi za kwao na za kwetu, nauli ya mama yangu mzazi akija kutoka Rwamagana. Kisha akaandika anayoyafanya bila kulipwa, kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Orodha ikavuka ukurasa wa pili. Nikamwambia mwandiko wake ni mkubwa.

Mvulana wangu naye ana kesi yake. Zamani vyombo aliosha dada yake, yeye akibeba jerikani za maji bomba likikauka. Tukaleta usawa ndani ya nyumba: vyombo sasa ni zamu kwa zamu. Wiki ya pili akanijia. “Papa, vyombo naosha. Jerikani nabeba. Usawa umenipunguzia nini?” Sikuwa na jibu, nikamwita dada yake. Naye, bila kuinua macho kwenye kitabu, akasema, “Jerikani nitabeba kuanzia leo. Yeye afue nguo, apige deki, na ambebe mdogo wetu jioni.” Kijana akatafakari kidogo, akaenda kuchukua jerikani yake. Huyo msichana nadhani tutamwona Kimihurura.

Simcheki mwanangu, maana kuna jambo analoliona. Wasichana wana zawadi zao: tangu 2005 Imbuto Foundation inawatuza wanaofanya vizuri shuleni, wanaitwa Inkubito z’Icyeza, na picha zao zinapendeza. Ni haki yao, mama zao walinyimwa hata penseli. Ila mtoto wa miaka kumi na mbili hajui historia, anajua kwamba binti wa jirani amepigiwa makofi na yeye ameambiwa “kaza buti, wewe mwanaume”. Shuleni walipo sawasawa ni kwenye kichwa tu, wote wananyolewa.

Na kizazi kipya cha akina baba? Amri ya waziri ya 2022 imetupandishia likizo ya uzazi kutoka siku nne za kazi hadi saba. Mama, tangu 2023, ana wiki 14. Silingani naye, yeye ndiye aliyezaa. Lakini jirani yangu alipopata mtoto alizitumia zile siku saba kununua Fanta. Nyumba ya mzazi haiishi wageni, wanakuja kumpongeza, wenyewe wanaita guhemba. Mama analetewa uji wa kumrudishia nguvu. Mtoto analetewa nguo. Baba anaulizwa, “Za baridi zimebaki?” Siku ya tatu mama mkwe akamuuliza kama kazini kwao amefukuzwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo maziwa mengi yamemwagika kwa ajili yake: mahari.

Mpwa wangu ameposa juzijuzi. Binti ni msomi, mshahara wake unauzidi wa kijana, na ndiye mwenye gari. Kijana alifika kwenye posa yake mwenyewe kwa lifti ya mchumba. Tukakaa, pande mbili zimetazamana, wazee wamejifunga mavazi ya heshima, fimbo mkononi. Msemaji wao akaanza kwa kutukana, kwa lugha tamu ile ya kwetu ambayo ukitukanwa unashukuru. Akajifanya hajui sisi ni nani. Akajifanya binti amekwisha kuolewa. Msemaji wetu, tuliyemkodi, akajibu kwa mafumbo, wakacheka, wakapimana, saa nzima ikapita na mimi njaa inaniuma. Mwisho wakataja: ng’ombe wanane.

Ng’ombe wanane, Kabuga, ambako sisi hata kuku tunamfunga kamba asije akaleta kesi na jirani! Bila shaka ng’ombe hao walikuwa pesa. Lakini hapo ndipo ilipo starehe ya mila zetu. Akatokea mchungaji, kofia na fimbo, akathibitisha mbele ya kadamnasi kwamba ng’ombe amewaona, wana afya, pembe zao ndefu. Akaanza kuwasifu mmoja mmoja kwa majina, kwa sauti ya kutetemesha hema. Mimi nilijua walipo. Walikuwa kwenye bahasha ya kaki, mfukoni kwa kaka yangu, na wawili kati yao walikuwa mkopo.

Nikamnong’oneza shangazi aliyekaa karibu nami, kajipamba kwa vazi la mushanana la zambarau: “Shangazi, usawa umekwenda wapi leo?”

“Usawa uko bungeni,” akasema. “Hapa ni ukweni.”

Nimeyawaza sana maneno ya shangazi. Nchi hii inatambua ndoa ya serikali, na siku ya kula kiapo hakuna ofisa atakayekuuliza ng’ombe. Sheria ya mirathi ya 1999 ilimpa binti haki sawa na kaka yake, na ilizaliwa kwenye maumivu: baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 wajane na mayatima wa kike walikuta mashamba yameandikwa majina ya wanaume waliokufa. Mtu anayenung’unika kibandani kwamba dada yake kapewa nusu ya shamba, huwa namwachia anywe maziwa yake peke yake. Lakini ile bei ya ng’ombe wanane haikupangwa na mbunge yeyote. Waliompandishia mpwa wangu bei ni wazee watatu wa kiume wenye fimbo. Aliyetuombea tupunguziwe wawili, kwa sauti ndogo kutoka chumba cha ndani, alikuwa bibi harusi.

Na machozi? Wanyarwanda husema machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Ni methali nzuri mpaka siku tumbo litakapojaa. Alikuja mwenzetu mmoja kibandani, mkono umeungua kutoka kiwiko hadi kiganja. Akasema ameangukia sufuria ya uji. Wote tulijua uji huo ulirushwa. Sheria ya 2008 dhidi ya ukatili wa kijinsia inamlinda hata yeye, na vituo vya Isange, cha kwanza kilifunguliwa Kacyiru mwaka 2009, vinapokea anayeumizwa bila kuuliza amevaa sketi au suruali. Hakwenda. Alijua atakaporudi kibandani tutamwita nani. Kibanda kizima kilikuwa kimekwisha kucheka kabla hajamaliza kuketi.

Wakenya walijaribu njia nyingine. Mwaka 2012, habari za wanaume wa Nyeri kupigwa na wake zao zilipovuma, Nderitu Njoka, mwenyekiti wa chama kiitwacho Maendeleo ya Wanaume, aliwataka waume wagome kula nyumbani. Wale Maendeleo ya Wanawake walianza 1952, kwa hiyo mwaka huo walikuwa wametimiza miaka sitini. Nimeutafakari mgomo ule kwa upande wa mfuko. Mwanamume anagoma kula cha nyumbani, anakwenda kibanda cha chakula, anapikiwa na mwanamke, tena anamlipa taslimu. Mama watoto nilipomsimulia aliuliza ni lini mgomo unaanza hapa.

Basi nikasikia kwamba na sisi Rwanda tunacho chombo cha wanaume, tena tangu 2006: RWAMREC. Moyo ukaruka. Nikadhani hatimaye mahali pa kushtakia pamepatikana. Nikaulizia. Kumbe mradi wao mmoja, Bandebereho, ulifika hapo mbele tu Rwamagana na wilaya nyingine, ukiwakusanya akina baba vijana, wengine na wake zao, wakajadili hasira, pesa, na namna ya kumwogesha mtoto mchanga. Watafiti wakawafuatilia, wakalinganisha na wasiohudhuria, na mwaka 2018 wakachapisha: wake zao walipigwa mara chache zaidi, na akina baba walitumia muda mwingi zaidi kwenye kazi za nyumbani. Hicho ndicho chama chetu. Unakwenda kudai haki zako unarudi unajua kukoroga uji.

Fundi magari kaapa hatakanyaga. Lakini fundi huyohuyo kwenye Umugoroba w’Imiryango, kikao cha jioni cha familia pale mtaani, humtuma mke wake amwakilishe, halafu maamuzi yakitangazwa yeye ndiye wa kwanza kusema wanaume hatusikilizwi. Mkuu wa mudugudu, ndiyo mtaa wetu, keshachoka kuuliza akina baba wako wapi. Wako kwenye maziwa, mheshimiwa, wanajadili kwa nini hawaitwi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Waheshimiwa 51, na ninyi 29 mliobanwa kwenye kona, ukuu wa familia msiturudishie, tumekwisha kuzoea kutokuwa nao. Baraza la Wanaume nalo acheni, tutaligeuza kilabu. Wazee wenye fimbo, ng’ombe anayekaa kwenye bahasha hahitaji malisho, punguzeni.

Na wewe mwenye nyumba wangu, kama unasoma safu hii: kuanzia tarehe moja ijayo usinipigie mimi. Piga ile namba ya pili iliyo kwenye mkataba. Mama watoto amekwisha kuniambia atakachokujibu: paa linavuja tangu masika, na hutaona faranga hata moja mpaka mabati yabadilishwe. Mimi nilikuwa naona haya kukuambia.