Utangulizi wa Wasifolojia: Uainishaji wa Vitabu Vinavyohusu Bendi ya Queen

Mwanafunzi, fungua daftari, andika tarehe, piga mstari, kisha utulie. Taaluma tunayoingia leo ni wasifolojia, yaani elimu ya kubainisha wasifu upi wa bendi ya Queen usomwe na upi urudishwe rafuni. Mataifa mengi yanajiendesha hadi leo bila kuwa na kitivo cha fani hii. Hilo nawaachia wataalamu wa maafa.

Kabla ya uainishaji, shika kanuni mama, niitayo Kigezo-Unguja. Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamjua kama Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946. Chukua kitabu chochote kinachomhusu, tafuta sentensi ya kuzaliwa kwake. Mwandishi akisema mtoto alizaliwa Tanzania, funga kitabu. Tanzania ilizaliwa 1964, mwaka uleule familia ya Bulsara ilipohamia Uingereza. Anayemtangulizia mtoto nchi kwa miaka 18 ana lipi lingine la kuaminiwa?

Akisema Zanzibar, endelea, ila pima ukarafuukaji wake. Karafuu ikitajwa mara moja, huo ni uchumi. Mara mbili, ni mapambo. Ikitajwa mara ya tatu kabla mtoto hajapelekwa shule ya bweni kule Panchgani, India, basi mwandishi huyo anaijua Unguja kwa jioni moja ya mishikaki pale Forodhani. Baba mtu, Bomi, alikuwa keshia wa Mahakama Kuu, kazi isiyonukia karafuu hata chembe.

Sasa aina zenyewe.

Aina ya kwanza ni wasifu-baraka, uandikwao kwa ridhaa ya wahusika. Kielelezo ni As It Began cha mwaka 1992, cha Jacky Gunn na Jim Jenkins. Gunn ndiye aliyekuwa mwendeshaji wa klabu ya mashabiki. Tarehe tele, ugomvi haba. Kitumie kama kalenda.

Aina ya pili ni wasifu-mwandani, na hapa ndipo wanafunzi wengi hufeli, kwa kuwa hawatofautishi tapo la jikoni na tapo la bustanini. Tapo la jikoni linaongozwa na Peter Freestone, msaidizi wa Mercury, aliyetoa kitabu chake 1998. Tapo la bustanini ni la Jim Hutton, mwenza wa Mercury, kinyozi aliyegeuka mtunza bustani wa nyumba yao, Garden Lodge, jijini London. Chake kilitoka 1994. Mwana-jikoni anamjua mtu kwa alichobakiza sahanini. Mwana-bustani anamjua kwa kilichomtoa nje. Usiwachanganye mbele yangu.

Tapo hili la pili linatudai pia nadharia ya paka. Paka-rejeleo hutajwa jina akapita zake. Paka-mhusika ana hulka, ana makosa, ana nafasi katika njama ya kisa, mfano Delilah, paka wa Mercury, aliyetungiwa wimbo mzima katika albamu ya Innuendo ya 1991. Kwa Hutton, paka ni wahusika. Msomi asiyeliona hilo na arudie mwaka.

Aina ya tatu ni wasifu-mwanahabari: Lesley-Ann Jones na Mark Blake. Tumia hesabu. Bendi ilikuwa na watu wanne, hivyo kitabu kinachomfuata Mercury peke yake, kama cha Jones, ni robo-wasifu. Freestone na Hutton nao ni robo, lakini robo ya nyumbani haikatwi alama. Blake, katika Is This the Real Life? cha 2010, anashughulika na bendi nzima, na ndivyo ipasavyo, maana mpiga gitaa Brian May alilichonga gitaa lake akiwa na babaye kwa mbao za meko kuukuu, kisha akakamilisha udaktari wake wa falaki 2007, kuhusu vumbi la angani. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa tanbihi.

Aina ya nne ni wasifu-kimya, uliotungwa na John Deacon, mpiga besi, kwa kustaafu na kutoandika chochote. Nimeuchunguza kwa kina. Hauna kosa hata moja la tarehe.

Hukumu: mwenye fedha ya kitabu kimoja anunue cha Blake. Anayefuga paka anunue cha Hutton, na asikiache chini.