Mkutano wa Boneti

Ukifungua boneti ya gari Kitahana, umeitisha mkutano wa hadhara. Mbiu haihitajiki wala kibali. Atakuja wa bodaboda, atakuja muuza mihogo, atakuja mzee aliyekuwa anaelekea shambani na jembe begani, na hakuna atakayefika mikono mitupu: kila mmoja ana ugonjwa wake wa kulipa gari lako.

Gari langu ni dogo, la Kijapani, la mwaka 1994, namba A. Lilipoanza kazi nchini, wengi wanaolipita leo na namba E zao walikuwa chekechea. Umeme wake ulianza vituko pole pole. Ukizungusha ufunguo, stata inagonga ka-ka-ka, kisha kimya. Ukikanyaga breki, indiketa zinawaka na redio inashuka sauti. Ukiwasha taa kubwa, geji ya mafuta inapanda. Ni gari pekee ninalolijua lililokuwa linaongeza mafuta gizani. Na pedali ya mafuta, bila sababu yoyote, ikawa nzito.

"Betri hiyo," mkutano ukaamua. Nikaenda Kibondo mjini, nikanunua betri mpya kwa laki moja na themanini. Gari likawaka, wajumbe wakapongezana. Baada ya siku chache, ka-ka-ka. Akajitokeza mwingine: "Alteneta haichaji." Ikaagizwa ya mtumba kutoka Kasulu, ikaja kwa mchomoko ikiwa imepakatwa na abiria, maana nyuma kulikuwa na magunia ya maharage. Ikafungwa. Ka-ka-ka. Wa tatu akasema kaboni za stata zimekwisha, na kweli zilikuwa zimechoka, tukabadilisha. Wa nne akanivuta pembeni akaninong'oneza kwamba gari limetupiwa kitu, jirani hafurahii, na dawa yake ni jogoo mwekundu. Nikipiga hesabu, huyu ndiye aliyekuwa mshauri nafuu kuliko wote. Tena jogoo asipofaa, unamla. Alteneta huwezi.

Tatizo jingine la kutengeneza gari huku ni heshima. Kwetu Buha hatusalimiani kwa kupungiana. Unainama kidogo, unapiga viganja, unaulizana habari za nyumbani, za watoto na za mvua. Asubuhi moja nilikuwa nimeazima betri ya pikapu ya jirani ili nistue gari. Nyaya mbili tayari nilikuwa nimezibana kwenye betri yake, na ncha za upande wangu ziko mikononi: nyekundu kulia, nyeusi kushoto. Mara akatokea mzee wa mtaa.

"Mwakeye, mwalimu!"

Mzee wa umri ule husalimiwi naye ukabaki umenyoosha mikono kama mlinda mlango wa penalti. Nikainama, nikapiga viganja. Vibanio vikagusana. Cheche ziliruka hadi kwenye kofia yake, muuza mihogo akaacha beseni lake akakimbia, na mimi nikajikuta nimekaa chini bila kuombwa. Mzee peke yake hakutikisika. Alikung'uta kofia, akaitikia salamu yangu mpaka mwisho, kisha akatoa taarifa: "Umeme upo."

Alikuwa amesema kweli kuliko washauri wote waliomtangulia. Umeme ulikuwepo. Haukuwa unafika.

Hilo alikuja kulionyesha kijana mmoja, fundi umeme wa magari kutoka Kibondo, aliyeshuka kwenye bodaboda na kimfuko kidogo. Akanipa shikamoo, akatoa mita, na hakufungua hata nati moja. Mkutano ukaanza kuguna: fundi gani huyu asiyechafuka mikono? Akagusa vichwa vya betri: volti 12.6. "Betri nzima," akasema. Akaniambia nizungushe ufunguo; namba ikashuka kidogo tu, ikabaki juu ya 10. Bado nzima. Kisha akaweka ncha nyeusi kwenye kichwa cha hasi cha betri, na nyekundu kwenye chuma cha injini. "Zungusha tena, mwalimu." Hapo mita ilitakiwa isifike hata nusu volti. Ikasoma 4.

"Volti nne zinapotelea njiani," akasema. Akaugusa waya wa kuvutia mafuta, ule unaotoka kwenye pedali kwenda kwenye injini, akaniita niuguse na mimi. Ulikuwa wa moto, na plastiki yake inanuka kuungua.

Akatueleza taratibu. Umeme ukitoka kwenye betri lazima urudi kwenye betri. Kwenye gari, njia ya kurudia ni chuma chenyewe, bodi na injini. Lakini injini imekalia mipira, kwa hiyo imetengana na bodi, na kinachoziunganisha ni mkanda wa shaba uliofungwa kwa bolti. Huo kwangu haukuwepo. Aliyewahi kushusha injini, alipoirudisha, alibaki na kipande mkononi akaona ni cha ziada. Stata inataka zaidi ya ampia mia moja, na barabara kuu imekatika. Umeme ukafanya kama michomoko yetu daraja likisombwa na maji, ukapita kwenye migomba ya watu. Ndiyo maana waya wa mafuta ukapikika na pedali ikawa nzito. Chuma cha taa za nyuma nacho kilikuwa kimeshika kutu, ndiyo maana breki ikawasha indiketa na geji ikadanganya. Betri mpya ilisaidia siku chache kwa sababu ilikuwa na nguvu ya kulazimisha.

Alikata kipande cha kebo ya kuchomelea, akakwangua kutu kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza kwa spana namba 12. Gari likawaka mara moja. Kasulu iliingia kwenye gridi ya taifa mwaka 2022. Gari langu lilikuwa linasubiri zamu hadi siku hiyo.

Akasema elfu thelathini. Mkutano ukachafuka. "Elfu thelathini kwa kipande cha waya! Hata hajafungua kitu!" Wajumbe walewale hawakukohoa nilipotoa laki moja na themanini za betri, maana betri inaonekana na inaumiza mgongo kuibeba. Ndivyo tulivyo: kipuri tunakilipia, akili tunaiomba punguzo. Nikamlipa yote, huku nimegeuzia mkutano mgongo.

Kwa furaha ile akaomba aangalie na sanduku la fyuzi. Pale chini ya dashibodi palikuwa na makumbusho. Palikuwa na alamu iliyokufa, nyaya za taa za ukungu ambazo taa zake sijawahi kuziona, na fyuzi mbili za karatasi ya sigara. Viungo vyenyewe unaweza kuvitajia umri: vilivyofungwa kwa nailoni ya Rambo ni vya kabla ya Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, vilivyofungwa kwa mfuko mbadala ni vya baada ya hapo. Kimoja kilifungwa kwa plasta ya kidonda, na hicho kilitushinda. Akavifunga vyote upya, akaweka fyuzi halali, na tundu moja alilolikuta tupu akalijaza: ampia 15, ya honi.

Sasa najua kwa nini lilikuwa tupu. Gari linawaka vizuri, ila kila nikikata kona ya kushoto, honi inalia yenyewe, na hainyamazi mpaka usukani unyooke. Jumapili iliyopita nimempigia honi paroko, msafara wa bibi harusi na ng'ombe wa mwenyekiti wa kijiji, wote kwenye kona moja. Nikasimama, nikafungua boneti.

Wamefika. Mmoja anasema ni alteneta.